Juu ya Neno Ajali, na Malori Yetu

Liko neno moja ambalo hutamkwa upesi sana katika nchi yetu ya Ufipa, hata kabla vumbi halijatua. Neno hilo ni ajali. Lori likipinduka katika mteremko wa Lyamba lya Mfipa, likamwaga magunia pamoja na watu waliokuwa wameketi juu yake, yule wa kwanza kufika husema, "Ni ajali." Mwenye lori husema vivyo hivyo, na karani huandika vivyo hivyo, na siku ya maziko sisi wachungaji twatazamiwa kusema vivyo hivyo kwa maneno mazuri zaidi. Neno lenyewe tumelipata kwa Waarabu, na kwao maana yake ni muda uliowekwa, yaani kile kikomo cha maisha ambacho mwanadamu hawezi kukisogeza mbele wala nyuma. Wazee wa pwani nao walilitumia kwa maana hiyo: mtu akifa, husemwa ajali yake imefika. Leo twalitumia kwa breki zilizokufa, na kwa tairi lililopasuka, na kwa dereva aliyesinzia. Walakini ile maana ya kale haikutoka ndani yake. Kinywa husema kwamba gari limeanguka, bali sikio husikia kwamba saa imetimia.

Sina nia ya kubishana na mtu aliyefiwa. Mama aliyeletewa mwanawe amefunikwa kwa turubai si mtu wa kufundishwa habari za breki, na mchungaji afanyaye hivyo hana akili. Lakini neno linalomfariji mfiwa siku ya kwanza laweza kumwua mwingine mwaka ujao. Kwa maana likiisha kukubaliwa na wote, hapana atakayeuliza lori lile lilipakiwa nini, na nani alilipakia, na kwa nini liliruhusiwa kushuka. Basi nimeona vema kuliuliza swali hili mbele yenu: kosa hugeukaje kuwa fundisho? Mbona mtoto akigusa moto mara moja hagusi tena, na sisi watu wazima, wenye shule na magazeti, twarudia kosa lile lile la malori mwaka baada ya mwaka?

Nisidhaniwe kuwa adui wa malori. Sisi wa Kaoze, tukaao bondeni karibu na Ziwa Rukwa, twajua kuliko watu wengi kwamba bila lori tungekuwa kama watu wa kisiwani. Mpunga na ufuta na samaki hupanda kwenda kwa watu. Mabati na saruji na sukari na dawa hushuka kuja kwetu. Barabara ya kutoka Tunduma hadi Sumbawanga ilipotiwa lami katika miaka ya 2010, soko lilitukaribia, na bei ikajulikana hata huku chini. Ila mji wa Sumbawanga uko juu ya usawa wa bahari kwa mita 1,700 na zaidi, na ziwa letu liko kwenye mita 800 hivi. Hiyo tofauti, lami haiwezi kuiondoa. Atakaye kuja kwetu hana budi kuteremka.

Na hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu wengi hudhani kwamba mlima humchosha dereva wakati wa kupanda, na kwamba kushuka ni mapumziko. Kitu kizito kilichoinuliwa juu kina nguvu ndani yake, na kikishuka nguvu ile haipotei. Sharti itokee mahali. Jiwe likiachiwa huitoa kwa mbio. Lori haliwezi kuachwa lishuke kwa mbio, kwa hiyo nguvu yake sharti igeuke kuwa joto. Nimefanya hesabu, na mwalimu yeyote wa shule aweza kuihakikisha: lori lenye uzito wa tani 15, pamoja na mzigo wake, likishuka mita 900, hutoa joto liwezalo kuchemsha madebe 20 ya maji baridi, kila debe lita 20. Fikirini madebe ishirini yakitokota, na moto wake wote umewashwa ndani ya vile vyuma vya breki vizungukavyo pamoja na magurudumu! Upepo huchukua sehemu, na injini huchukua sehemu iliyo kubwa, ikiwa dereva ameiacha ifanye kazi kwa gia nzito. Ndiyo maana madereva wa zamani walifundishwa kushuka mlima kwa gia ile ile ambayo wangeupandia. Lakini yuko dereva anayelitoa gari katika gia kabisa, lishuke lenyewe, apate kuokoa mafuta. Huyo amezikabidhi breki madebe yote ishirini. Chuma chapata moto, chatanuka, chajitenga na vile vipande vinavyokikandamiza. Na vipande vyenyewe vikiisha kuungua huteleza kama sabuni. Dereva hukanyaga, na lori halimsikii tena.

Jambo hili si la Ufipa peke yake. Tarehe 30 Juni 2023, penye njia panda ya Londiani katika nchi ya Kenya, lori liliacha barabara likawaingilia watu waliokuwa wakiuza na kununua kando ya njia, wakafa zaidi ya 50. Tarehe 24 Februari 2024, huko Ngaramtoni karibu na Arusha, lori lililoshindwa kusimama liliyagonga magari mengine, wakafa watu 25. Mara zote mbili watu walitaka kwanza kujua habari za dereva. Ni haki kuuliza habari zake. Lakini yafaa pia kuuliza habari za wale ambao hawakuwamo ndani ya lori.

Tazameni gunia. Sheria yasema gunia la mazao lisizidi kilo 100. Sote twajua lumbesa: gunia huongezwa kichwa, hushindiliwa, hushonewa wavu juu, hata hufika kilo 130, na mkulima hulipwa gunia moja. Tumezoea kuilaumu lumbesa kwa kuwa yamwibia mkulima, na ndivyo ilivyo. Wale manabii wa kale waliokemea vipimo vya udanganyifu wangeitambua mara moja. Ila wizi ule hauishii ghalani. Dereva huhesabu magunia, hapimi. Akipakia magunia 100 huamini kwamba amebeba tani 10, kumbe amebeba 13. Lori lililokuwa tani 15 sasa ni tani 18, na yale madebe 20 yamekuwa karibu 24. Breki hazikuambiwa habari hizo. Kwa hiyo uongo uliosemwa na mnunuzi mbele ya mkulima, palipokuwa na watu wawili tu chini ya mti, wapanda juu ya lori, wavuka uwanda, wafika ukingoni, na huko unamwangukia mtu ambaye hakuwa mkulima wala mnunuzi, naye pengine ni mwanafunzi aliyeomba kupanda juu ya mzigo arudi kwao wakati wa likizo.

Basi kosa ni la nani? La dereva aliyeshuka vibaya, au la utingo aliyepokea nauli za watu waliokaa juu ya magunia, hali sheria haitaki watu wapakiwe juu ya mzigo? Au ni la mwenye lori, aliyeambiwa mwezi uliopita kwamba breki zimekwisha akajibu, "Maliza safari hii kwanza"? Au la mnunuzi mwenye lumbesa yake? Kosa likiisha kugawanywa kwa watu wanne, kila mmoja husema sehemu yake ni ndogo. Na sehemu nne ndogo, ajabu yake, zikijumlishwa hazifanyi kosa zima. Hufanya ajali.

Mimi nimepata msaada katika sheria moja ya Musa, iliyomo katika kitabu cha Kutoka sura ya 21. Yahusu ng'ombe. Yasema kwamba ng'ombe akimpiga mtu pembe hata akafa, ng'ombe atauawa, bali mwenyewe hana hatia. Lakini ikiwa ng'ombe huyo alizoea kupiga tangu zamani, na mwenyewe akaambiwa, naye asimfunge, basi hatia ya damu ni ya mwenye ng'ombe. Angalieni hekima yake. Ng'ombe ni yule yule, na pembe ni zile zile, na maiti ni mmoja katika habari zote mbili. Kilichobadilika ni kimoja tu, nacho ni kuambiwa. Sheria haiulizi mwenye ng'ombe alitaka nini moyoni mwake. Yauliza alijua nini, na baada ya kujua alifanya nini. Tendo la kwanza laweza kuitwa ajali, hata kama jina hilo halipendezi. La pili, haliwezi.

Mtu ataniuliza, "Je, mchungaji, mimi niliambiwa lini? Lori langu halijapinduka." Hili ni swali gumu, wala sitalipita upesi. Je, mtu aweza kufundishwa na kosa asilolitenda yeye? Wazee husema, mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Ni methali njema, lakini yadai mambo mawili: kwamba umemwona mwenzako akinyolewa, na kwamba umekiri kuwa nawe una nywele kama zake.

Nitatoa mfano mmoja ulio mzito. Tarehe 31 Januari 2009, lori la mafuta lilipinduka huko Sachangwan, karibu na Molo katika Kenya. Watu walikuja na madumu na sufuria kuchota mafuta yaliyomwagika. Moto ukawaka, wakafa zaidi ya 110. Tarehe 2 Julai 2010, lori la mafuta lilipinduka katika mji mdogo wa Sange, jimbo la Kivu ya Kusini, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Wakafa zaidi ya 200. Na Jumamosi tarehe 10 Agosti 2019, huko Msamvu mjini Morogoro, lori la mafuta lilipinduka asubuhi, watu wakachota, moto ukawaka, na wenzetu zaidi ya 100 wakafa; taifa likaomboleza. Hayo ni makosa matatu yafananayo kama watoto wa mama mmoja, nayo yalitokea katika muda wa miaka 11 tu, kwa watu wanaoelewana lugha. Kwa nini la kwanza halikulizuia la pili, wala la pili kulizuia la tatu?

Jibu la wengi lilikuwa tayari: tamaa. Walisema waliokufa walikuwa wezi wa mafuta. Mimi nakiri kwamba mali iliyoanguka kutoka katika gari la mtu haijawa mali ya mpita njia, na mtoto wa ekaristi hana ruhusa ya kuiokota na kuiweka nyumbani kwake. Lakini jibu hilo lina ubaya wake. Kwanza si kweli kwa wote: huko Sange moto uliwafikia hata watu waliokuwa wakitazama mchezo wa Kombe la Dunia katika vibanda vyao, ambao hawakushika dumu lolote. Pili, na hili ndilo ninalotaka mlishike, jibu hilo huwaziba masikio wale waliobaki. Msikilizaji akiambiwa kwamba wale walikufa kwa wizi, husema moyoni mwake, "Mimi si mwizi, habari hizi hazinihusu." Siku lori linapoanguka mbele ya nyumba yake, yeye hajioni kuwa anaiba, ajiona anaokota kilichokwisha kupotea. Ametofautishwa na wale wafu kwa tabia, na kumbe hatari haikuwa katika tabia. Ilikuwa katika mvuke.

Laiti watu wangaliambiwa habari za mvuke! Petroli hutoa mvuke ushikao moto hata penye baridi ya nyuzi 40 hivi chini ya kuganda kwa maji, sembuse katika jua letu. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa, hauendi juu kama moshi. Hutambaa chini, huingia mitaroni, hukaa miguuni mwa watu pasipo kuonekana, ukingoja cheche moja ya pikipiki au ya kiberiti. Anayesimama mbali kidogo akitazama tu, pengine naye amesimama ndani yake. Mambo haya huelezwa kwa muda usiozidi kuimba tenzi moja. Mtu mwema na mwovu wayahitaji sawasawa.

Basi naona ziko njia mbili za kulipoteza fundisho la kosa, nazo zaonekana kuwa kinyume, kumbe ni ndugu. Ya kwanza ni kusema kwamba saa ilifika. Hapo kosa si la mtu yeyote. Ya pili ni kusema kwamba aliyekufa alikuwa mwizi, au kwamba dereva alikuwa mlevi. Hapo kosa ni la mwingine. Kwa njia zote mbili msemaji arudi nyumbani akiwa kama alivyokuwa. Ndiyo sababu naipenda ile sheria ya ng'ombe. Haimtukani mwenye ng'ombe, wala haimpi mahali pa kujificha nyuma ya Mungu. Yamwuliza tu kama aliambiwa. Na baada ya Sachangwan, na Sange, na Msamvu, sisi sote tuliosoma habari hizo tumeambiwa.

Iko nchi iliyopita njia hii kabla yetu, si kwa malori bali kwa meli. Katika Uingereza ya karne ya 19, wenye meli walizipakia kupita kiasi, na mabaharia walizama. Nao waliokuwa pwani wakasema bahari ni bahari. Mbunge mmoja, Samuel Plimsoll, hakukubali. Mwaka 1873 alichapisha kitabu kuwatetea mabaharia, na mwaka 1876 ikapitishwa sheria kwamba kila meli ichorwe alama ubavuni, maji yasiipite. Jambo jema, lakini sheria ilisahau jambo moja, ikamwachia mwenye meli achague mwenyewe mahali pa kuchora. Husimuliwa kwamba mmoja aliichora kwenye bomba la moshi! Hata mwaka 1890 ndipo serikali ilipoziweka alama hizo mahali pake. Yaani miaka 14 ilipita, kila mtu akiwa na alama, na alama haizuii kitu. Sisi nasi tunazo mizani za serikali katika barabara kuu, na sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki imeweka kikomo cha tani 56 kwa lori kubwa kuliko yote. Nashukuru kwa ajili yake. Ila lori dogo linalopakia usiku penye ghala la kijiji na kushuka bondeni kabla hakujapambazuka, alama yake huchorwa na nani?

Luther alipoeleza amri ya tano katika Katekisimo Ndogo hakuishia kwenye kukataza tusimdhuru jirani. Aliongeza kwamba twapaswa kumsaidia katika haja zote za mwili wake. Watoto wa kipaimara huyasema hayo kwa moyo, nami husikia furaha. Lakini wengi wetu hudhani kwamba mwuaji ni mtu mwenye panga. Hatufikiri kwamba mtu aweza kuivunja amri ile akiwa ameketi dukani kwake Sumbawanga, akinywa chai, na simu mkononi, akisema tu, "Ongeza magunia kumi."

Narudi kwenye maziko, kwa maana ndipo niliposimama mara nyingi, na ndipo ninapoulizwa. Nimeamua hivi, na ndugu wachungaji wanisahihishe kama nimekosa. Kaburini nitamfariji mfiwa, nami nitasema kwamba Mungu amempokea marehemu. Sitasema kwamba Mungu ndiye aliyemwita kwa njia ya breki zisizotengenezwa, kwa kuwa sijaambiwa hivyo, na kusema hivyo ni kumsingizia. Tena, siku chache zikiisha kupita, nitakwenda kwa mwenye lori, si kwa hasira, nimwulize kama aliambiwa. Kazi hii ya pili ni ngumu kuliko ya kwanza. Huyo mwenye lori mara nyingi ndiye aliyetoa gari la kuchukulia maiti, na chakula cha waombolezaji, na sadaka nono. Ni mtu mwema, hupendwa, wala mimi sikatai wema wake.

Mavuno ya mwaka huu yakaribia, na malori yataanza kuteremka kuja Kaoze. Wazee wa usharika wameafikiana kununua mizani moja ya kuning'iniza, nayo itafungwa chini ya mti ulio karibu na ghala. Karani atakuwapo siku za gulio tangu asubuhi. Hapana malipo. Atakayependa kupima alete gunia lake kabla halijashonwa, na dereva atakayependa kujua amebeba nini aombe kuonyeshwa daftari.